Hesabu na Mvua: Je, Mwanadamu ni Kompyuta Iliyo Hai?

Kwa muda mrefu, mtu aliponiuliza kama mwanadamu ni kompyuta ya kibiolojia, nilijibu ndiyo bila kusita. Nimeandika programu za kompyuta kwa miaka 19, na mtu anayeshinda na mashine kutwa nzima huishia kuviona vitu vyote kwa sura ya mashine hizo: taarifa zinaingia, zinachakatwa, matokeo yanatoka. Macho niliyachukulia kuwa kamera, ubongo kichakataji, kumbukumbu hifadhi ya faili, na tabia ya mtu niliihesabu kuwa programu iliyoandikwa nusu na jeni na nusu na malezi. Sikuona kinachobaki nje ya maelezo hayo. Waliosisitiza kwamba kuna kinachobaki niliwadhania kuwa watu wanaouogopa ukweli.

Jibu hilo lilianza kunitoka mkononi mwaka ambao baba yangu alipatwa na kiharusi. Donge la damu liliziba mshipa unaolisha upande wa kushoto wa ubongo wake, na hadi alipofikishwa hospitalini muda mwingi ulikuwa umekwenda. Wataalamu wamekadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba namna hiyo bila kutibiwa, ubongo hupoteza takribani seli za neva milioni 1.9 kila dakika. Mkono wake wa kulia ulilegea, na maneno yakamkimbia. Nami nilijieleza kwa lugha ya kazi yangu: sehemu ya hifadhi imeharibika, faili zilizokuwa humo zimepotea, kilichosalia ni kuzipakia upya. Hazikupita wiki tatu maelezo hayo yakaanza kupwaya.

Kwanza, faili hazikuwa zimepotea kwa namna niliyodhani. Nilipomwonyesha miwani yake na kumwomba aitaje, alisema "dirisha", lakini aliichukua, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akalisogeza gazeti karibu. Alijua kila kitu kuhusu miwani isipokuwa jina lake. Tena jioni moja dada yangu alianza kuimba wimbo ambao baba alizoea kutuimbia tulipokuwa wadogo, naye akaupokea na kuumaliza, beti zote mbili, maneno yakiwa yamenyooka, yakiwamo maneno ambayo asubuhi ile ile alishindwa kuyatamka. Hali hiyo inajulikana vizuri kwa wanaotibu afasia, yaani kupotea kwa lugha kunakotokana na jeraha la ubongo, na mjadala kuhusu chanzo chake haujafungwa: wapo wanaosema upande wa kulia wa ubongo ndio unaoubeba wimbo, na wapo wanaosema ni mapigo ya wimbo na mazoea ya maneno yaliyokaririwa yanayoyavuta yatoke. Lakini lililonisumbua zaidi halikuwa hilo. Kila aliposema "dirisha" alijua kwamba amekosea, na machozi yalimlengalenga. Nimeona makosa maelfu kwa maelfu yakitoka kwenye mashine. Sijawahi kuona mashine ambayo kosa lake linaiuma.

Tangu hapo nimelirudia swali hili mara nyingi, na naamini tunaanza kupotea mapema sana, kwenye neno lenyewe. Hadi miaka ya 1940, neno la Kiingereza ambalo Kiswahili kimelikopa na kulifanya kompyuta lilimtaja mtu: karani aliyelipwa kukaa mezani na kufanya hesabu ndefu za mienendo ya nyota, za kupwa na kujaa kwa bahari, au za shabaha ya mizinga. Mwaka 1936, Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza ambaye miaka 25 alikuwa hajaitimiza, aliandika makala iliyoweka msingi wa nadharia ya kompyuta tunazotumia leo, na alipotaka kueleza maana ya kukokotoa alianza na mtu wa namna hiyo. Alimfikiria mtu mwenye karatasi iliyogawanywa katika visanduku, ambaye husoma alama iliyo mbele yake, hujua yuko katika hatua gani ya kazi, huandika au kufuta, kisha huhamia kisanduku cha jirani. Turing aliuliza ni nini katika mtu huyo kinachohitajika ili hesabu ikamilike, akakichukua hicho tu, kingine chote akakiacha. Njaa ya karani haikuhitajika, wala mgongo wake unaouma, wala sababu iliyomfanya aikubali kazi hiyo.

Kwa hiyo kompyuta ni picha ya mwanadamu, lakini ni picha ya mwanadamu akifanya jambo moja tu, tena jambo ambalo hulifanya vizuri zaidi kadiri anavyofuata kanuni bila kuweka lake. Ndiyo maana sishangai picha hiyo ikifanana na mwenyewe. Ninachokishangaa ni wepesi tulioutumia kuigeuza, tukaanza kumpima mwenye sura kwa picha yake. Mashine tuliipa "kumbukumbu", neno lililokuwa la watu, kisha haikupita miaka mingi tukaanza kuzieleza kumbukumbu za watu kwa kuangalia za mashine. Hata ripoti ya mwanahisabati John von Neumann ya mwaka 1945, iliyoweka mpangilio ambao kompyuta nyingi zinaufuata hadi leo, iliazima lugha yake kutoka kwa watafiti Warren McCulloch na Walter Pitts, ambao mwaka 1943 walikuwa wameonyesha kwamba seli za neva zilizorahisishwa, za kuwaka au kutowaka, zikiunganishwa zinaweza kufanya kazi za mantiki.

Wapo wanaoitupa hoja yote kwa kusema kwamba kila zama huufananisha ubongo na chombo chake kipya. Ni kweli kwamba mwanafalsafa Descartes, katika karne ya 17, alizifananisha neva na mabomba ya maji yaliyoendesha sanamu katika bustani za kifalme za Ufaransa, na kwamba mwanasayansi Mjerumani Helmholtz, aliyepima mwendo wa ujumbe katika neva ya chura mwaka 1850 na kupata kama mita 27 kwa sekunde, alizifananisha na nyaya za telegrafu. Hata hivyo, mifano ya zamani kukosea si ushahidi kwamba huu wa sasa nao umekosea. Moyo pia ulielezwa kwa namna nyingi zisizo sahihi kabla ya daktari Mwingereza William Harvey kuonyesha, mwaka 1628, kwamba damu huzunguka mwilini, na leo tukisema moyo ni pampu hatusemi kwa mafumbo. Unasukuma damu kweli. Swali ni kama ubongo ni kompyuta kwa namna ile ile ambayo moyo ni pampu.

Hapa nauheshimu upande niliokuwa, kwa sababu ushahidi wake ni mzito. Chukua ujumbe wa seli moja ya neva. Ndani ya utando wake kuna chaji hasi ya takribani milivolti 70 ukilinganisha na nje. Vichocheo vikifika kizingiti, vijilango vya ioni za sodiamu, yaani chembe zenye chaji, hufunguka, chaji hugeuka kwa muda wa kama milisekunde moja, kisha potasiamu hutoka na hali hurudi ilivyokuwa. Ama seli inawaka, ama haiwaki. Mwaka 1952 Alan Hodgkin na Andrew Huxley walilieleza tukio hilo kwa milinganyo, baada ya kulipima katika neva nene ya ngisi, na Huxley aliikokotoa milinganyo hiyo kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono kwa kuwa kompyuta ya Cambridge haikupatikana wakati huo. Mchoro uliotoka kwenye milinganyo ulifanana mno na ule uliotoka kwenye ngisi. Lakini hilo peke yake halinishawishi, maana hata mwendo wa dunia hufuata milinganyo, na hakuna anayesema kwamba dunia inakokotoa njia yake kulizunguka jua. Kilichonishawishi, na ambacho bado kinanishawishi, ni habari ya dopamini, kemikali ambayo seli za neva huitumia kupelekeana ujumbe.

Mwanasayansi Wolfram Schultz alikuwa akirekodi seli zinazotoa dopamini katika ubongo wa nyani. Nyani alipopata tone la juisi bila kutarajia, seli hizo ziliwaka kwa kasi. Baada ya nyani kujifunza kwamba taa fulani hutangulia juisi, seli ziliwaka taa ilipoonekana, na juisi yenyewe ilipofika hazikuongeza kitu, kwa kuwa ilikwisha kutarajiwa. Taa ilipoonekana na juisi isije, seli zilipunguza mwendo wake chini ya kawaida, wakati ule ule hasa ambao juisi ilipaswa kufika. Kulikuwa na watu walioujua mpangilio huo kabla ya kumwona nyani yeyote, kwa sababu ulikuwa umeandikwa katika sayansi ya kompyuta. Richard Sutton na Andrew Barto, walipotafuta namna ya kuifundisha mashine kwa malipo, walikuwa wameunda kanuni ambayo kiini chake ni pengo kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Mwaka 1997 Schultz, pamoja na Peter Dayan na Read Montague, walichapisha hoja kwamba seli za dopamini zinabeba pengo hilo hilo.

Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza niliacha kazi nyingine zote mchana ule. Seli ya nyani na mstari wa programu vilikuwa vikitoa kiasi kile kile. Huo si ulinganisho wa mdomoni. Dunia haitumii njia yake kwa lolote, ilhali seli hizi zinabeba thamani, thamani hiyo inatumiwa na sehemu nyingine za ubongo kurekebisha tabia, na mtafiti akiingilia na kuibadilisha, kujifunza kwa mnyama kunabadilika. Hiyo ndiyo maana ya kukokotoa ninayoijua kazini kwangu, na siwezi kuikataa hapa kwa sababu tu inanihusu. Ubongo unakokotoa. Ukishuka hata ndani ya seli moja utakuta ribosomu, mtambo mdogo wa kutengeneza protini, ikipita juu ya uzi wa RNA, yaani nakala ya maelekezo ya jeni, ikisoma herufi tatu tatu na kuunganisha asidi amino, vijenzi vya protini, moja baada ya nyingine, jambo linalomkumbusha mtu yule karani wa Turing na visanduku vyake.

Hata hivyo, kusema "ubongo unakokotoa" si sawa na kusema "mwanadamu kimsingi ni kompyuta". Moyo ni pampu, na pampu hiyo ikisimama mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache, lakini hakuna anayesema kwamba mwanadamu kimsingi ni pampu. Mzigo wote uko kwenye neno "kimsingi", na ndilo neno linalopita bila kukaguliwa.

Sitatumia muda mrefu kwenye hoja dhaifu za kulipinga. Waliosema mashine haiwezi kuwazidi watu katika fikra walijibiwa na kompyuta ya Deep Blue iliyomshinda bingwa Garry Kasparov katika sataranji mwaka 1997, na tena mwaka 2016 programu ya AlphaGo ilipomshinda bingwa Lee Sedol michezo minne kwa mmoja katika Go, mchezo wa ubao wa Asia. Hoja ya kwamba kompyuta zinajua sifuri na moja tu nayo haifiki mbali, kwa kuwa tarakimu hizo mbili zinatosha kuiga kitu chochote kinachobadilika taratibu kwa usahihi unaoutaka. Na kwamba ubongo una seli za neva bilioni 86 na bado unatumia kama wati 20 tu za nishati ni jambo la kustaajabisha, lakini ni tofauti ya ubora wa ujenzi, si tofauti ya aina ya kitu.

Tofauti ya aina ninaiona kwingine. Kwa mtu wa fani yangu, kinachoifanya kompyuta iwe kompyuta ni kwamba programu inatengana na maunzi, yaani mashine yenyewe inayoiendesha. Ninaandika programu kwenye mashine moja, naihamishia nyingine iliyotengenezwa na watu wengine kwa vifaa vingine, nayo inafanya kazi ile ile, na katika kuhama huko hakuna kilichopotea. Ninaweza kuizima leo, nikaiweka kabatini miaka kumi, nikaiwasha ikaendelea pale ilipoishia. Katika ubongo nimeutafuta mstari huo wa kutenganisha na sijauona. Kujifunza si kuandika taarifa juu ya seli, bali ni kuibadilisha seli yenyewe: miunganiko inanenepa au kukonda, vipokezi vinaongezwa au kuondolewa, jeni zinaamshwa, na protini zinazoshikilia kiungo hicho zinavunjwa na kujengwa upya mara kwa mara huku kumbukumbu ikiendelea kuwapo. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake walionyesha jambo ambalo mtu mwenye picha ya hifadhi ya faili kichwani hawezi kulitarajia. Walimfundisha panya kuogopa mlio fulani, na baadaye wakamkumbusha mlio huo na papo hapo wakazuia utengenezaji wa protini katika sehemu ya ubongo inayohusika na hofu. Hofu ilififia. Panya aliyepewa dawa ile ile bila kukumbushwa hakubadilika. Yaani kitendo cha kukumbuka kinailegeza kumbukumbu, na mwili unapaswa kuijenga tena. Mimi nikifungua faili ili niisome, sitarajii ilainike.

Halafu kuna mnyoo aitwaye Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa kama milimita moja na seli za neva 302 tu. Ramani ya miunganiko yake ilichapishwa mwaka 1986. Kama ingekuwa mchoro wa saketi, mhandisi yeyote mvumilivu angekaa nayo, akaisoma na kusema mnyoo atafanya nini. Miongo kadhaa imepita na ramani hiyo peke yake haijatosha. Sababu mojawapo ni kwamba seli hizo haziongei kwa nyaya pekee: zinatoa pia kemikali zinazosambaa, na kemikali hizo huifanya saketi ile ile itende tofauti mnyoo akiwa na njaa na akiwa ameshiba. Mwaka 2024 ilichapishwa ramani ya ubongo mzima wa nzi wa matunda, seli 139,255, kazi kubwa ninayoistahi sana, lakini funzo la mnyoo halijafutika. Hali ya mwili haiko pembeni ya hesabu ikisubiri matokeo. Imo ndani yake.

Mtetezi wa kompyuta atanijibu, na jibu lake ni zuri: ongeza kemikali kwenye mfano wako, ongeza njaa, ongeza kila protini, na mashine kubwa ya kutosha itaiga vyote. Nakubali kwamba inaweza kuiga. Kinachofuata kinategemea swali ambalo mwanafalsafa John Searle alilisisitiza sana kuanzia mwaka 1980, nami naliona kuwa ndilo kitovu cha mjadala. Kompyuta ikiiga mvua, hata kwa usahihi wa kila tone, hakuna anayelowa. Kompyuta ikiiga hesabu ya kugawanya, imegawanya kweli, na jibu lake unaweza kulitumia. Yapo mambo ambayo kuyaiga kikamilifu ni kuyafanya, na yapo ambayo kuyaiga kikamilifu si kuyafanya hata kidogo. Je, akili ya mwanadamu ni ya kundi la hesabu au la mvua?

Searle mwenyewe aliiweka akili yote upande wa mvua. Mimi sikubaliani naye. Kujumlisha, kupanga safari, kutambua sura ya mtu, kuipanga sentensi ikae sawa kisarufi, yote hayo nayaona kuwa upande wa hesabu, na mashine inayoyafanya inayafanya kweli. Lakini kiu iko upande wa mvua. Maumivu yako upande wa mvua. Na machozi ya baba yangu mbele ya miwani, kwa kadiri nilivyoweza kulifikiri jambo hili usiku mwingi, yako upande wa mvua.

Nina sababu ya kusema hivyo, na imetoka kwenye kazi yangu, si kwenye huzuni yangu. Nimeandika programu zinazojifunza kwa kanuni za Sutton na Barto. Katika programu hizo "malipo" ni namba, na namba hiyo naichagua mimi. Nikibadilisha alama ya kujumlisha kuwa ya kutoa, mashine itakimbilia kile ilichokuwa ikikikimbia, kwa bidii ile ile, na ndani yake hakuna kitakacholalamika, kwa sababu hakuna ndani yake kitu kilichopata hasara. Namba haikuwa nzuri kwake. Ilikuwa nzuri kwangu. Kwa nyani wa Schultz hali ni nyingine. Juisi ni nzuri kwake kwa sababu ni mwili unaokauka usipokunywa, na uzuri huo haukuandikwa na mtu yeyote kutoka nje. Wanabiolojia wa Chile Humberto Maturana na Francisco Varela, katika miaka ya 1970, walikieleza kiumbe hai kuwa ni kitu ambacho kazi yake ya kwanza ni kujitengeneza chenyewe bila kukoma. Seli ya neva hutumia sehemu kubwa ya nishati yake kuzisukuma ioni zirudi mahali pake, ili tu iendelee kuwa seli inayoweza kuwaka. Ikiacha, haibaki kama kompyuta iliyozimwa. Inaoza.

Nimejipinga mwenyewe hapa kwa hoja moja ambayo sikutaka kuikwepa. Je, uteuzi asilia si mwandishi wa programu? Je, nao haukutuwekea namba zetu za malipo, na je, hazivurugwi mtu anapozama katika dawa za kulevya zinazoigusa dopamini moja kwa moja? Zinavurugwa, na mfano huo ndio ulionitoa kwenye shaka. Mtu aliyetekwa na dawa hizo, ishara ndani ya ubongo wake inasema "hiki ni chema" huku mwili wake ukiteketea, nasi tunaweza kusema bila kubabaika kwamba anadhurika. Ishara ni kitu kimoja na wema ni kitu kingine, na tunavijua kwa kuwa kuna mwili unaolipa gharama ishara inapodanganya. Kwenye mashine niliyoigeuzia alama, hakuna anayedhurika. Ishara ndiyo kila kitu. Kukokotoa ni njia ambayo kiumbe hai anaitumia kujitunza, kama anavyotumia kupumua na kusukuma damu, na ni njia ya ajabu ambayo kwa mwanadamu imepanuka hadi kuzaa hisabati, lakini mwenye kuitumia yupo kabla yake.

Mashine zinazoongea, ambazo sasa ziko mikononi mwa watu wengi, zimelifanya jambo hili kuwa la haraka. Ukiisahihisha moja itakwambia "samahani, nimekosea", kwa adabu na mara nyingi kwa ufasaha kuliko watu wengi ninaowajua. Kazi yake ya lugha naihesabu kuwa ya kweli, kama kugawanya kulivyo kwa kweli. Neno "samahani" ndilo nisiloweza kulipokea, kwa sababu sioni ni nini kilichokuwa hatarini. Haya sisemi ili kuifunga njia milele. Mtu akiunda kitu kinachopaswa kujilisha, kujikarabati na kujilinda kisisambaratike, ambacho makosa yake yanakigharimu kuwapo kwake, nitakisikiliza tofauti. Lakini hapo tutakuwa tumeunda kiumbe hai kwa njia mpya, na hilo halitakuwa limethibitisha kwamba sisi tulikuwa kompyuta.

Katika miezi ya mwanzo ya ugonjwa wa baba niliandika programu ndogo ya simu yenye picha 200: miwani, kiti, ufunguo, saa. Alikuwa akionyeshwa picha, anasikia jina, anarudia. Nilikuwa nikipakia faili upya, na niliweka rekodi ya kila siku kwa uangalifu wote wa fani yangu. Maendeleo yalikuwapo, ila kidogo mno, na neno alilolipata Jumatatu lilikuwa limeondoka Alhamisi. Mtaalamu wa tiba ya usemi aliyekuwa akimhudumia aliniomba, kwa upole, niiweke simu kando kwa muda na nianze kusubiri mpaka baba mwenyewe atake kitu. Sidai kwamba mgonjwa mmoja ni utafiti, na huenda ubongo wake ulikuwa ukipona kwa wakati wake hata bila sisi. Ninachojua ni mpangilio ambao maneno yalirudi. "Maji" lilitangulia "kiti". "Zima" lilikuja usiku, taa ilipokuwa ikimuumiza macho. "Miwani" lilirudi siku ambayo hakuiona mahali alipoiacha na barua ilikuwa mkononi mwake.

Sentensi yake ya kwanza ndefu aliianza jioni moja, kwa taabu, akisimama kila baada ya neno. Mimi nilikuwa nimekwisha kukisia anakotaka kufika, na nilifungua kinywa kumsaidia kuimalizia. Aliuinua mkono wake wa kushoto, akanitazama, akasema "subiri", kisha akaendelea.